Mhitimu wa darasa la saba na miezi yake minne

Nchini Tanzania mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati mtoto wa miaka 13 au 14 hana darasa wala sare, na kila mtu mzima nyumbani ana mpango naye. Mjini wengi hupelekwa kozi ya kujiandaa na sekondari, ile ambayo mabango huiita Pre-Form One. Wengine huachiwa nyumba na wadogo zao. Mwenyewe akiulizwa, mara nyingi anataka kazi, ashike hela yake. Hujibiwa kwamba ajira ya watoto imepigwa marufuku.

Jibu hilo ni nusu ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Akishatimiza 14 inamruhusu kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya wala makuzi yake na isiyomkosesha shule. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaongeza mipaka: kazi inayozidi saa sita kwa siku inahesabiwa kuwa ya kinyonyaji, kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi hairuhusiwi, na malipo yalingane na thamani ya kazi. Baharini, machimboni, kubeba mizigo mizito, penye kemikali au mashine, baa na hoteli, huko kumefungwa hadi atimize 18. Ukiondoa yote hayo bado linabaki duka la mahitaji ya nyumbani, genge la mboga na duka la madaftari.

Wanaopinga mtoto kufanya kazi katika miezi hiyo wana hoja nzito. Ya kwanza ni lugha. Aliyesoma msingi kwa Kiswahili atakutana na baiolojia na jiografia kwa Kiingereza Januari hiyo hiyo, na wiki chache za msamiati zinaweza kumwokoa na muhula mzima wa kunakili asichokielewa. Hoja hiyo naikubali, ila kozi ya asubuhi haizuii kazi ya saa chache mchana.

Ya pili ni takwimu, nayo inahitaji kutazamwa bila haraka. Utafiti wa kitaifa wa 2014 kwa Tanzania Bara ulikuta watoto wapatao milioni 5 wa miaka 5 hadi 17 wakifanya kazi, na kati yao takriban milioni 4.2 walikuwa katika utumikishwaji. Yaani katika kila watoto sita wanaofanya kazi, watano wako mahali ambapo sheria haiwataki. Mzazi akisikia hivyo anafunga mlango, na nani atamlaumu? Lakini utafiti huo huo unaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya utumikishwaji huo uko kwenye kilimo, ufugaji, uvuvi na misitu. Sehemu kubwa ya kazi za namna hiyo hufanyika katika mashamba ya familia, bila ujira, chini ya macho ya mzazi. Kwa hiyo baba anayemkatalia binti yake kukaa dukani kwa jirani saa nne kwa siku, kisha akampeleka kijijini akashike bomba la kupulizia dawa ya wadudu kwenye nyanya, amemtoa katika yule mmoja na kumtia katika wale watano. Shambani hatuiti ajira. Tunaita kusaidia nyumbani, na jina hilo limetufumba macho kuliko duka lolote.

Ya tatu ndiyo inayotisha kweli, nayo inawagusa zaidi wasichana. Matokeo hayajatoka, shangazi wa mbali ameshapiga simu: kuna mama mjini anatafuta binti wa kukaa na mtoto. Kazi hiyo haina saa ya kuanza wala ya kumaliza, mshahara hutumwa kwa mtu mwingine, na Januari ikifika nauli ya kumrudisha haipatikani. Anayetafuta kazi ya likizo na ashike kanuni moja isiyo na mjadala: alale kwao. Kazi isiyofikika kwa miguu kutoka nyumbani, aiache.

Sasa namna ya kuitafuta. Aanze na maduka ambayo familia hununua kila siku, kwa kuwa mwenye duka anayemjua mama hatamdhulumu mtoto kirahisi. Aende katikati ya wiki, kama saa nne asubuhi, wateja wakiwa wamepungua. Jumamosi jioni hakuna atakayemsikiliza. Afuatane na mzazi, na awe na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Cheti kinamlinda mwajiri pia: ubishi wa umri ukifika mahakamani, ni yeye atakayetakiwa kuonyesha kwamba alichunguza, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwenye duka akilijua hili huuliza umri mwenyewe. Asiyeuliza kabisa, mtilie shaka.

Malipo yapigiwe hesabu kabla ya siku ya kwanza. Sheria ya ajira ina njia yake: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333, kisha kwa saa za wiki. Kwa wiki ya saa 45, ni sawa na kugawa kwa 195. Tuseme muuzaji mtu mzima hapo analipwa 195,000. Saa moja ni 1,000. Saa nne kwa siku, siku sita, ni 24,000 kwa wiki, na wiki sita ni 144,000. Atapunguziwa kwa kuwa hajui kazi? Labda, lakini apunguziwe akijua anapunguziwa kutoka wapi. Wengi huambiwa tu "nitakutoa".

Alipwe kila Jumamosi, asingoje mwisho wa mwezi. Mwishoni mwa Desemba fedha ya mwenye duka huwa imeganda kwenye bidhaa za sikukuu, na mtoto anayeondoka kwenda bweni Januari hana nguvu ya kurudi mara saba kudai. Daftari dogo la saa za kuingia na kutoka, lenye sahihi ya mwenye duka kila siku, linamaliza ubishi mwingi.

Kinachoharibu kazi ya dukani kuliko kingine ni upungufu wa hela. Jioni droo inapelea 3,000, na aliyekaa mwisho ndiye mwizi. Dawa yake ni kuhesabu mara mbili, wote wawili wakiwepo: anapoingia, ajue ameachiwa chenji kiasi gani, na anapotoka. Bidhaa za mkopo ziandikwe papo hapo kwa jina la mteja. Asipewe simu ya wakala kutoa na kupokea hela za watu. Kosa la tarakimu moja linameza ujira wa wiki nzima. Saluni awe mwangalifu pia: kusuka ni sawa, lakini dawa ya kunyoosha nywele ni kemikali.

Mjadala huu wote huenda ukafungwa na kalenda. Sera ya elimu toleo la 2023 imeshusha elimu ya msingi hadi miaka sita. Anayeanza darasa la kwanza na miaka 6 atamaliza akiwa na 12, miaka miwili chini ya umri wa kuajiriwa. Huyo akiomba kazi ya dukani, jibu litakuwa hapana, na safari hii litakuwa sahihi. Kama atapelekwa shambani badala yake, hakuna atakayemwomba cheti.