Nani amesema laptopu hii imezeeka?

"Kaka, mashine inaniambia haiwezi kwenda Windows 11. Ina maana nimeuziwa mzoga?"

Kwa maneno haya au yanayofanana nayo, swali hilo limekuwa likiletwa kwenye kaunta ya duka letu la kompyuta tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa viraka vya usalama vya bure (marekebisho ya kuziba matundu) kwa Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi. Aliyeuliza mara ya mwisho ni mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa pili. Laptopu yake ina ramu GB 8, SSD GB 256, betri inakaa saa tatu na kibodi haina herufi hata moja iliyokufa. Kwa kazi za chuo, ile mashine bado ina miaka mitatu au minne ya kutumika. Nilimjibu kwamba hakuuziwa mzoga. Jibu kamili ni refu kuliko hapo, kwa sababu Microsoft ina hoja nzito ambazo watu wetu hawapendi kuzisikia, na sisi tuna hoja ambayo sidhani kama iliwahi kuwekwa mezani.

Nianze na upande wao. Windows 10 ilitoka 29 Julai 2015, na ratiba ya kuihudumia kwa miaka kumi ilitangazwa mwaka huohuo. Simu uliyoinunua 2015 iliachwa siku nyingi na hakuna aliyeandamana. Wapo wanaokumbusha kwamba Mei 2015 mfanyakazi wa Microsoft, Jerry Nixon, alisema katika mkutano wa kampuni mjini Chicago kuwa Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho. Ni kweli alisema, na kampuni iliiacha kauli hiyo itembee dunia nzima. Lakini ratiba rasmi ilisema 2025, na anayenunua kompyuta za ofisi au shule hufuata ratiba, hafuati kauli za jukwaani.

Halafu kuna usalama wenyewe, na hapa sitaki mtu afanye mzaha. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia katika nchi zaidi ya 150 ndani ya siku chache, kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo ili kuyafungua. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha miadi na upasuaji kwa sababu kompyuta hazikufunguka. Tundu kililopitia lilikuwa limeshazibwa. Microsoft ilitoa kiraka Machi 2017, miezi miwili kabla. Wengi husimulia kisa hiki kama onyo kwa waliobaki na Windows XP, ambayo ilikuwa imeachwa tangu 2014. Uchunguzi wa kampuni ya usalama ya Kaspersky ulionyesha jambo jingine: karibu kompyuta zote zilizoshikwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo, wenye mashine hawakukiweka.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu, tujitazame. Ukimpelekea fundi laptopu akupigie Windows, mara nyingi kitu cha kwanza anachofanya baada ya kukraki (kuvunja leseni ili isilipiwe) ni kuzima apdeti. Anazima kwa sababu apdeti ikija na GB tatu inameza bando la wiki nzima, na kwa sababu anaogopa itavuruga ile leseni ya kuchonga. Programu nyingi za kukraki hukutaka pia uzime kinga ya virusi kwanza, na wapo wasioiwasha tena maisha. Kompyuta ya namna hiyo haikupoteza chochote 14 Oktoba. Ilikuwa uchi mwaka 2019, na ilikuwa uchi mwaka 2023. Ndiyo maana flashi moja ya mwanafunzi ikizunguka stesheneri tatu wakati wa kuwasilisha ripoti za mafunzo kwa vitendo, inarudi na mafolda yote yamegeuka njia za mkato zisizofunguka. Nimemwona dada analia juu ya ripoti ya miezi miwili kwa sababu hiyo. Hakuna ratiba ya kampuni yoyote iliyomliza, ni uzembe wetu wa mtaani.

Baada ya kukiri hayo, nakuja kwenye tatizo langu na uamuzi huu. Sina ugomvi na kuacha Windows 10. Ugomvi wangu uko kwenye mstari uliochorwa kuamua ni kompyuta ipi inaruhusiwa kuvuka.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na inataka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyo kwenye orodha maalumu. Kwa prosesa za Intel orodha inaanza hasa na kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa 2017. Kwa AMD ni Ryzen za mfululizo wa 2000. Sharti la TPM naliunga mkono. Ile chipu hutunza funguo zinazofunga diski mahali ambapo programu mbaya haizifikii, na laptopu ikiibwa kwenye daladala, mwizi anabaki na plastiki na kioo, si nyaraka zako. Tatizo ni orodha ya prosesa. HP EliteBook 840 G3, ambayo nadhani imesomesha nusu ya vyuo vyetu, ina Intel ya kizazi cha sita. G4 ina kizazi cha saba. ThinkPad T470 ya Lenovo iko hapohapo. Nyingi ya mashine hizi zina TPM, nyingine unaweza kuipandisha daraja hadi 2.0 kwa programu ya mtengenezaji. Hazikukosa kufuli, zimekataliwa kwa umri wa prosesa.

Microsoft ilijitetea kwamba katika majaribio, mashine zilizotimiza masharti zilifanya kazi bila kuanguka kwa asilimia 99.8, na zisizotimiza ziliganda na kuzima mara nyingi zaidi. Nakubali kwamba kinga mpya za Windows 11 zinaelemea prosesa za zamani. Lakini Agosti 2021 kampuni iliongeza kwenye orodha prosesa chache za kizazi cha saba, ikiwemo Core i7-7820HQ. Prosesa hiyo ndiyo iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft yenyewe, ya bei kubwa, iliyokuwa bado inauzwa. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya kiufundi, kuhusu aina ya madereva (programu zinazounganisha vifaa na Windows) yaliyokuja na mashine. Inawezekana ni maelezo ya kweli. Mwenye ThinkPad ya kizazi hichohicho ana haki ya kuuliza kwa nini yake haikutafutiwa maelezo.

Na kuna jambo linalonikera kuliko orodha: viraka vya Windows 10 havijaacha kutengenezwa. Kila mwezi wahandisi wanaketi, wanaziba matundu, wanatoa apdeti. Zinaendelea kutoka, ila zinagawiwa kwa tiketi. Kampuni na mashirika yanaweza kununua kwa miaka mitatu: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, dola 122 wa pili, dola 244 wa tatu. Hiyo ya mwaka wa tatu peke yake hapa inakununulia laptopu nyingine ya mtumba. Shule zimepewa bei ya dola moja mwaka wa kwanza, mbili wa pili, nne wa tatu, na hilo nalisifu bila kusita. Mwalimu mkuu mwenye maabara ya kompyuta alipaswa kulijua jana. Mtu binafsi anaongezewa mwaka mmoja tu, hadi 13 Oktoba 2026, kwa njia tatu: alipe dola 30, atumie pointi 1,000 za zawadi za Microsoft, au akubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, na hapo hatoi hela. Leseni moja inabeba hadi kompyuta kumi za akaunti moja.

Ulaya ikawa na jibu lake. Vyama vya kutetea walaji vikiongozwa na Euroconsumers viliandika barua, vikasema kumlazimisha mtu kuhifadhi mipangilio kwenye huduma ya kampuni ili apate usalama si haki. Septemba 2025 Microsoft ikakubali: wakazi wa eneo la kiuchumi la Ulaya wanapata mwaka huo bure, bila sharti la kuhifadhi mipangilio, wanachotakiwa ni kuingia tu kwenye akaunti. Siwaonei wivu, wameomba wakapewa. Ninachojifunza hapo ni kwamba bei haikutokana na gharama ya kutengeneza kiraka. Kiraka ni kilekile, kinashuka kwenye waya uleule. Mteja wa Lyon, Ufaransa, mwenye EliteBook anakipata bila sharti hilo kwa kuwa na watu waliomsemea, na mteja wa Mbagala, Dar es Salaam, mwenye EliteBook hiyohiyo, pengine iliyotoka Lyon kwenyewe, hana aliyemsemea.

Nasema pengine imetoka huko kwa sababu ndivyo laptopu zinavyotufikia. Ofisi ya Ulaya inanunua mashine mpya, inaitumia miaka minne au mitano, inaiuza kwa jumla, inapitia Dubai au inakuja moja kwa moja, kisha inatua Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi ikiwa imefutwa vumbi. Saa ya Microsoft ilianza kuhesabu kiwandani. Mmiliki wa kwanza amekula miaka yote minono ya viraka, wa pili ananunua mkia. Windows 10 ilipokaribia mwisho, makampuni mengi yalikuwa na sababu ya kutoa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa mkupuo. Kwa mwanafunzi wetu ni bei nzuri, na nisiseme uongo, wengi wamepata kompyuta ya kwanza kwa njia hiyo. Lakini ni bei nzuri ya kitu ambacho aliyekiuza alishajua mlango unafungwa lini, na aliyekinunua hakuambiwa.

Zikishindikana kabisa, zinakwenda dampo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki kwa mwaka 2022 pekee, na chini ya robo ndiyo iliyokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaojulikana. Sisi ndio tunaochoma nyaya nyuma ya masoko kupata shaba.

Kuna watakaosema: weka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, maliza habari. Nimeweka, na nina la kusema kwa pande zote mbili. Linux Mint kwenye G3 inakimbia vizuri kuliko Windows 10 ilivyowahi, ni bure kisheria, na mambo mengi ya siku hizi yanafanyika ndani ya Chrome au Firefox: maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini, barua pepe. Kwa mtu wa namna hiyo siwezi kumshauri vingine. Lakini stesheneri inaishi kwa Photoshop ya picha za pasipoti, kwa Publisher ya kadi za harusi, na kwa nyaraka za Word zinazotakiwa zitoke kwenye printa kama zilivyoandikwa. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua faili la Word, ila jedwali la bajeti likihama mstari mmoja, msimamizi wa utafiti hamwelewi mwanafunzi. Mwenye duka anayetumia programu ya uhasibu ya Windows ndiyo kabisa, hana pa kuhamia.

Mafundi wengine wanaingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine zilizokataliwa. Inawezekana, na nyingi zinakwenda vizuri. Ila anayefanyiwa aambiwe ukweli: Microsoft haijaahidi chochote kwa mashine hiyo, na toleo jipya la kila mwaka huenda lisije lenyewe, itabidi arudi kwa fundi. Kumfanyia mtu bila kumwambia, kisha kumwandikia risiti ya "Windows 11 orijino", ni wizi.

Wala tusitishane kupita kiasi. Kinga ya virusi ya Windows 10 itaendelea kupata orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028, na programu za Microsoft 365 zitapata viraka hadi mwaka huohuo. Hatari haikuja usiku mmoja. Inajengeka taratibu, tundu moja baada ya jingine lisilozibwa, ndani ya mfumo ambao mamilioni ya watu bado wanautumia na wahalifu wanalijua hilo.

Msimamo wangu ni huu: kama kiraka kimeshatengenezwa kwa ajili ya anayelipa dola 244, kupewa mtumiaji wa kawaida hakumfilisi mtengenezaji. Google ilisukumwa na kelele za shule za Marekani, na 2023 ikarefusha apdeti za Chromebook, laptopu zinazotumia mfumo wake, hadi miaka kumi. Ulaya imesukuma ikapata mwaka mmoja bure bila sharti la kuhifadhi mipangilio. Mamlaka zetu za mawasiliano, tume za ushindani na wizara zinazonunua kompyuta kwa maelfu zina nguvu ya kusema kitu, na muda wa kusema ni kabla ya Oktoba 2026.

Yule mwanafunzi wa uhasibu tulikaa naye dakika arobaini. Tulinakili mafaili yake kwenye diski ya nje, tukafungua akaunti, tukamsajili kwenye mwaka wa nyongeza kwa njia ya kuhifadhi mipangilio, tukawasha apdeti iliyokuwa imezimwa tangu aliponunua. Zilishuka zote kwa intaneti ya duka, kiraka cha kwanza ambacho mashine ile ilikipata tangu iwe yake.