Kirukanjia wa Rwenzori: fuvu au vinasaba?

Mtu akikuambia ameona panya mwenye pua ndefu kwenye bonde la Mubuku, katika milima ya Rwenzori, mwombe kwanza ahesabu vidole vya mguu wa mbele. Panya ana vinne. Vikiwa vitano, pua ikiwa imechongoka na macho madogo kama punje za ulezi, huyo ni kirukanjia, mla wadudu na minyoo asiye na undugu wa karibu na panya. (Mitaani jina lake limegeuzwa tusi la kutupiana. Mnyama mwenyewe hana hatia.)

Kazi rahisi inaishia hapo. Swali linalowagawanya wataalamu ni hili: ni kirukanjia yupi, na nani aamue, fuvu au vinasaba?

Wanaosimama na fuvu wana historia ndefu. Mwaka 1905 na 1906 msafara wa Jumba la Makumbusho la Uingereza ulikusanya wanyama Rwenzori, na mizoga ikafika London mezani kwa Oldfield Thomas, mtaalamu wa mamalia wa jumba hilo, mtu aliyetoa takriban majina 2,000 ya mamalia maishani mwake. Mwaka 1906 aliwapa majina Myosorex blarina na Sylvisorex lunaris, wote wa mlima huu; 1907 akamwongeza Sylvisorex granti. Alitegemea rula, rangi ya manyoya na meno.

Na meno yanasema mengi. Nyuma ya jino la mbele lililochomoza kama ndoana kuna vijino vyenye ncha moja moja. Jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ndiyo neno la kwanza la jina la kisayansi. Jenasi ya Crocidura, iliyo na spishi nyingi kuliko jenasi nyingine yoyote ya mamalia, ina vitatu kila upande wa taya la juu. Sylvisorex ina vinne. Ukitazama mkia wa Crocidura utaona nywele ndefu zilizosimama hapa na pale, juu ya zile fupi. Myosorex ana mkia mfupi na kucha ndefu, maana ni mchimbaji. Kwa kioo cha kukuza na subira, mtu aliyeko Kasese anaweza kufika kwenye jenasi kabla chai haijapoa. Hata mzoga uliokaa kabatini tangu 1906 unapimika vilevile, na hilo ni jambo kubwa.

Lakini umbo hufuata kazi. Kila achimbaye udongo huelekea kupata kucha ndefu na mkia mfupi, hata kama hana nasaba na mwenzake. Jina lenyewe blarina limetokana na virukanjia wa Marekani wanaofanana naye. Au mchukue kirukanjia aliyeelezwa na mtaalamu wa wanyama Osgood mwaka 1936 kutoka upande wa Kongo wa Rwenzori. Aliwekwa ndani ya Sylvisorex, akaitwa suncoides, yaani anayefanana na Suncus, jenasi nyingine kabisa. Miaka 50 baadaye mtaalamu mwingine, Hutterer, alimtoa humo akamjengea jenasi ya peke yake, Ruwenzorisorex. Mnyama ni yuleyule na mifupa ni ileile, ila macho ya mtazamaji yalibadilika.

Hapo ndipo wa vinasaba wanapopata nguvu. Tafiti zao za miaka ya 2000 zilionyesha kwamba Sylvisorex kama tunavyoipanga si ukoo mmoja. Imechanganya koo zilizofanana kwa nje. Fuvu peke yake lisingetufikisha hapo, na nadhani ubishi juu ya hilo umekwisha.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Milima yetu ni visiwa. Nyakati za baridi kali misitu ya juu ilishuka mabondeni na kuunganisha mlima na mlima. Joto liliporudi, ikapanda na viumbe wake wakatengana. Kwa hiyo ukipima vinasaba vya mlima wowote utakuta tofauti. Je, kila tofauti ni spishi? Wenzake granti wa nyanda za juu za Kenya waliwahi kupewa jina lao, mundus, kisha wakarudishwa chini ya granti. Kesho mtu anaweza kuwatenga tena kwa asilimia chache za vinasaba vya mitokondria (vijumba vya nishati ndani ya seli), ambavyo hurithiwa kwa mama tu na vinasimulia upande mmoja wa ukoo. Mimi singekubali jina jipya kwa ushahidi huo pekee. Ningetaka vinasaba vya kiini cha seli pia, na angalau jino au mfupa mmoja unaokubaliana navyo.

Mfano unaonishawishi uko Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Virukanjia-fuko wa jenasi ya Surdisorex walijulikana Aberdare na Mlima Kenya tu, hadi mwaka 2009 spishi ya tatu, Surdisorex schlitteri, ilipotangazwa kutoka Elgon, upande wa Kenya. Milima mitatu, spishi tatu, na tofauti zinaonekana kwa macho. Lakini mpaka wa Uganda unapita katikati ya mlima uleule, na nyasi za juu hazijui forodha. Kumwandika kwenye orodha ya Uganda kwa kukisia ni uzembe. Kutomtafuta upande wa Mbale ni uzembe zaidi.

Kuna wanaosema tuache kuua, tuchukue kipande cha sikio tu. Nawaelewa, ila kipande cha sikio hakina meno. Tena virukanjia hunaswa kwa ndoo zilizofukiwa ardhini, zikiwa na ukuta wa plastiki wa kuwaelekeza, na mnyama huyu asipokula kwa saa chache hufa. Ukichelewa asubuhi, unamkuta amekwisha kuganda. Basi huyo asitupwe: ini liwekwe kwenye alkoholi, fuvu lisafishwe, mwinuko uandikwe kwenye kibandiko, na sehemu ya mizoga ibaki Makerere, ili mwanafunzi wa Fort Portal asihitaji viza kwenda kuhesabu meno ya mnyama wa kwao.