Karama Imekatwa Kichwa na Mkia

Hawa wenye Kiingereza chao wana kisu, jamani. "Bro" tulivumilia: wamemshika "brother" wakamkata mkia. "Phone" ni "telephone" iliyokatwa kichwa, haya. Sasa hii "rizz", neno la vijana la mvuto wa kutongoza, ni ubabe gani? Chukua "charisma", herufi nane. Kata tatu za mbele, kata mbili za nyuma, inabaki "ris". Hata hapo hawakuridhika! Ile s wakaitupa, wakabandika z mbili, maana kwenye neno zima hutamkwa z, na ukiiacha "ris" mtu atadhani ni risiti iliyochanika.

Kinachoudhi ni kwamba wana hoja. Sauti ya "charisma" hupanda pale katikati, ndipo sikio linaponasa. "Fridge" ilichomolewa vivyo hivyo tumboni mwa "refrigerator", ikapachikwa na d ya bure. "Flu" nayo imetoka "influenza". Hizo hakuna anayezilalamikia, watu wanapiga chafya tu.

Lakini maana yenyewe ilikotoka! Mzizi ni Kigiriki, kharisma, zawadi ya neema. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho neno hilohilo, Biblia ya Kiswahili ikaliita karama. Karama za kuponya, za unabii. Leo tumefika karama ya kutongoza! Kai Cenat, yule Mmarekani wa video za moja kwa moja mtandaoni, akaivumisha; mwaka 2023 mwigizaji Tom Holland akakiri hana kabisa, watu wakaidaka; Desemba hiyohiyo wenye kamusi ya Oxford wakaitawaza neno la mwaka, ikiwabwaga "Swiftie", "prompt" na "situationship".

Na masharti sasa, kama dawa. Haihesabiki: ukisema "a rizz" umejianika. Ukiigeuza kitenzi, mara nyingi inadai "up" nyuma yake, "rizz up", yaani kumwimbisha mtu mpaka alainike. Ikitanguliwa na herufi W, ya "win", umeshinda. Ikitanguliwa na L, ya "loss", umechemsha, rudi nyumbani. Halafu ipo "unspoken rizz", ya kimyakimya: mtu hatoi neno, anatazama tu, na mambo yanajipa. Sasa kama fundi mwenyewe hasemi kitu, hilo neno walikuwa wanalifupisha la nini?