Redio ya Umma Huulizwa, Majukwaa Hayaulizwi

Tarehe 11 Juni 2013, serikali ya Ugiriki ilitangaza kwamba shirika la utangazaji la umma, ERT, linafungwa. Kabla siku haijageuka, skrini zilikuwa nyeusi na wafanyakazi zaidi ya 2,500 hawana kazi. Sababu iliyotolewa ni ubadhirifu na haja ya kubana matumizi. Huenda ubadhirifu ulikuwapo kweli. Mashirika ya umma hayaendeshwi na malaika. Lakini bomba likivuja huzibwa, halikatwi nyumba nzima ikakosa maji.

Wanasiasa wengi hawapiti njia ya wazi namna ile. Hakuna haja ya kutuma askari studio mtu akishashika mambo mawili: fedha na uteuzi. Mwaka 2024 bunge la Slovakia lilivunja shirika la umma, RTVS, likaunda jingine mahali pake lenye jina jipya, STVR. Mkurugenzi ambaye muda wake haukuwa umekwisha akajikuta hana kiti, kwa kuwa shirika alilokuwa akiliongoza halipo tena. Yote yalipita kwa kura, kwa utaratibu, na ndiyo maana yananitia hofu kuliko yale ya Ugiriki.

Marekani walidhani wameweka kinga. Shirika lililoundwa mwaka 1967 kugawa fedha za redio na televisheni za umma lilikuwa likiidhinishiwa bajeti miaka 2 kabla, makusudi, ili hasira ya mwanasiasa wa leo isiguse kipindi cha kesho. Julai 2025 bunge likafuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokwisha kuidhinishwa, na wiki chache baadaye shirika likatangaza kwamba linafunga shughuli zake. Wanaoumia zaidi si vituo vikubwa vya mijini, vyenye wafadhili na wachangiaji. Ni vituo vidogo vya vijijini, ambako redio ya umma pengine ndiyo pekee yenye mwandishi anayehudhuria vikao vya halmashauri.

Na hata pale fedha zisipokatwa, tishio lenyewe hufanya kazi. Mhariri akijua bajeti inajadiliwa mwezi ujao, swali gumu kwa waziri huanza kulainishwa mezani kabla halijafika hewani. Hakuna anayempigia simu, hakuna barua ya amri. Mwenye nguvu mpishe, basi. Msikilizaji hana namna ya kujua kilichopunguzwa.

Wanaobana vyombo hivi hudai wanatafuta uwajibikaji. Sawa, tuupime uwajibikaji huo. BBC, katika kipindi cha Panorama, iliunganisha sehemu mbili za hotuba ya Donald Trump ya Januari 6, 2021, siku wafuasi wake walipovamia bunge la Marekani, zilizotamkwa kwa tofauti ya karibu saa nzima, zikasikika kama kauli moja. Lilikuwa kosa zito, wala sitalitetea. Shirika liliomba radhi, na Novemba 2025 mkurugenzi mkuu, Tim Davie, na mkuu wa habari, Deborah Turness, walijiuzulu siku moja.

Sasa tazama upande wa pili, wa majukwaa ya mtandaoni. Mwaka 2018 Facebook ilikiri kwamba haikufanya vya kutosha kuzuia jukwaa lake lisitumike kuchochea vurugu Myanmar, nchi ambako Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache, walikuwa wamekimbia kwa mamia ya maelfu. Mwaka huohuo ikabainika kwamba taarifa za watumiaji wanaofikia milioni 87 zilichukuliwa isivyo halali zikafika kwa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa. Mwaka 2019 Facebook ikatozwa faini ya dola bilioni 5 nchini Marekani. Mark Zuckerberg alibaki kitini, na yupo mpaka leo. Kipande kimoja cha video kiliwaondoa wakuu wawili wa BBC. Haya yote hayakumtikisa yeye.

Simaanishi BBC ionewe huruma. Nataka kipimo kiwe kimoja. Tunaibana redio ambayo ina bodi, ina kanuni za uhariri na ina mahali pa kupeleka malalamiko, halafu tunaacha habari zipitie kwenye majukwaa ambayo algoriti yake, yaani programu inayoamua nani aone nini, hakuna raia anayeruhusiwa kuikagua. Agosti 2023, kampuni ya Meta, mmiliki wa majukwaa hayo, ilizuia habari kwenye Facebook na Instagram nchini Kanada kwa sababu haikutaka sheria ya kulipia habari hizo. Mwezi huohuo wakazi wapatao 20,000 wa mji wa Yellowknife, nchini humohumo, waliamriwa kuhama kwa sababu ya moto wa misitu. Watu wanakimbia moto, na hawawezi kutumiana taarifa ya chombo cha habari kwenye jukwaa walilolizoea.

Najua hofu iliyopo: ukiipa serikali rungu la kuzibana kampuni za teknolojia, itawapiga nalo wakosoaji wake. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana sidai serikali ichague kipi kifutwe. Nadai watafiti huru wafunguliwe takwimu, na kampuni ieleze kwa nini habari fulani inasukumwa mbele na nyingine inazikwa. Umoja wa Ulaya umeanza, kwa sheria ya huduma za kidijitali inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024.

Umoja huo una pia sheria ya uhuru wa vyombo vya habari, ambayo sehemu kubwa yake ilianza kutumika Agosti 8, 2025. Inataka vyombo vya umma viwe na fedha za kutosha na za uhakika, uteuzi uwe wa wazi, na mkuu anayeondolewa kabla ya muda apewe sababu na aweze kwenda mahakamani. Slovakia ni mwanachama. Nangoja kuona mkurugenzi wa kwanza atakayeibeba sheria hiyo mbele ya jaji, na kama kuna jaji atakayemrudisha kitini.