Kabla ya bonanza, mpeni saa yake ya kula

Mdogo wangu anauza kwenye duka moja kubwa hapa mjini Arusha. Asubuhi kabla hajakimbilia kifodi, daladala zetu za hapa, nampakia chakula kwenye hotpoti. Makande mara nyingi, siku nyingine ndizi na maharage, kitu cha kumshikilia mpaka jioni. Usiku mimi ndiye ninayeiosha ile hotpoti, na ndiyo iliyonipa habari. Siku ya kwanza ilirudi imeliwa nusu. Siku ya pili haikufunguliwa kabisa, nilipoinua mfuniko makande yalikuwa yamechacha, harufu ikanipiga usoni. Nikadhani ana mawazo. Nikadhani amechoka na makande yangu. Nilipomuuliza akajibu kwa mkato, "Dada, muda wa kula sipati."

Wiki hiyo hiyo, Jumamosi, yeye na wenzake wa dukani wakapelekwa bonanza. Kuvuta kamba, mbio za magunia, kufukuza kuku, na mtaalamu wa lishe akaitwa kuwaeleza umuhimu wa mboga za majani na maji ya kunywa, lita mbili kila siku. Akarudi na fulana nyeupe yenye maneno mgongoni kwamba afya ya mfanyakazi ni mtaji wa kampuni. Picha zikajaa kwenye magrupu. Jumatatu hotpoti ikarudi imejaa.

Sina ugomvi na bonanza. Watu walicheka, walikimbia, walikaa kivulini wakala pilau pamoja na mabosi wao, na kwa wengine hiyo ilikuwa siku pekee ya mwaka waliyokula kwa kutulia. Lakini huwezi kumwambia mtu anywe lita mbili za maji wakati umemfungia choo.

Nasema umemfungia kwa maana yake kamili. Choo cha wafanyakazi wa duka lile kiko nyuma ya jengo, na ufunguo wake unakaa kwenye droo ya msimamizi. Umefungwa kwa kamba kwenye kipande cha mbao kirefu kama mwiko, ili usipotee. Ukitaka kwenda, unaacha mteja, unavuka duka zima hadi mezani kwa msimamizi, unaomba. Anakuuliza kama huwezi kusubiri wateja wapungue. Kisha unatoka na kile kipande cha mbao mkononi, kila mtu akijua unakwenda wapi, na saa inaangaliwa. Wakiwa kwenye siku zao, mabinti wanaficha pedi kwenye mkono wa sweta na kuomba ruhusa kwa mwanaume ambaye tayari ameshawaambia wamezidi.

Wakafanya ambalo mtu yeyote angefanya: wameacha kunywa maji. Mdogo wangu anakunywa kikombe cha chai saa kumi na mbili asubuhi, na baada ya hapo hakuna mpaka arudi nyumbani usiku. Mwaka huu ametibiwa U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo, mara tatu. Mara ya mwisho nilimsindikiza mwenyewe zahanati. Muuguzi akamwandikia dawa, akamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, kunywa maji." Akaitikia kwa kichwa. Tulipofika nje akaniambia, "Nikinywa, nitaomba ule ufunguo mara ngapi?" Sikuwa na jibu.

Mei Mosi ya mwaka 2024 sherehe za kitaifa zilifanyika hapa hapa kwetu, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mabango yalipita, kofia na fulana zikagawiwa, hotuba zikasomwa. Sheria tunayo, na si ya jana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtu akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano, apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Akilazimika kubaki kazini kwa sababu kazi haiachiki, muda huo ulipwe. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Sasa hesabu na mimi. Mdogo wangu anaingia saa mbili asubuhi, anatoka saa moja jioni, siku sita. Hiyo ni saa 66 kwa wiki, kwa kuwa hata ile ya kula hapewi. Zinazozidi ni 21, mara wiki nne ni 84. Hakuna hata moja anayolipwa kama ya ziada. Anasema mkataba wake unaitwa "wa makubaliano", na makubaliano yenyewe aliambiwa kwa mdomo.

Na muda wote huo amesimama. Kiti hakuna, eti mteja akimkuta muuzaji amekaa atadhani ni mvivu. Usiku anaweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, alama za kamba za viatu zimezama kwenye nyama. Ana miaka 24.

Kaka yetu ni mpagazi, anapanda Kilimanjaro. Kazi yake siwezi kuilinganisha na ya dukani, baridi ile na njia ile mimi nisingemaliza siku moja. Lakini pale getini kuna mizani. Mzigo wa mpagazi mwisho ni kilo 20, unapimwa kabla hajaanza kupanda, ukizidi unapunguzwa. Wapo wanaocheza na mizani hiyo, ameniambia, na mizigo mingine huongezwa mbele ya safari. Hata hivyo mizani ipo, na mtu ana pa kuonyesha kidole. Anayesimama kwa muda wa saa kumi na moja bila maji, mzigo wake unapimwa wapi?

Najua mtakachosema wenye maduka. Kodi ya fremu, kodi ya serikali, NSSF, umeme, na hapa Arusha Aprili na Mei mvua ikinyesha na watalii wakipotea, mji unalala. Ni kweli, nakubali, baadhi yenu mnalala na madeni. Lakini ufunguo wa choo unagharimu shilingi ngapi? Stuli ya plastiki?

Miaka iliyopita nilifanya kazi Moshi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja. Hakuwa na bonanza, hata fulana hatukuwahi kupewa. Ikifika saa saba mchana anashusha mlango nusu, mama lishe anaingia na ndoo yake ya ugali na dagaa, na sote tunakaa kwenye mifuko ya saruji tunakula, yeye mwenyewe akiwa katikati. Mteja akigonga, mzee anamwitikia kutoka ndani, "Karibu chakula, mwanangu, saa nane tunafungua." Mafundi walizoea. Walikuja asubuhi au walisubiri. Nilikaa pale miaka minne, na sikumbuki mwenzetu aliyeacha kazi kwa kuumwa.

Kuna mengine, na kila moja lingetosha makala yake. Mama anayenyonyesha sheria inampa muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kila siku. Nina jirani aliyekuwa akikamulia maziwa kwenye sinki la chooni. Likizo ya ugonjwa ipo, na bado watu wanakwenda kazini na homa kwa kuogopa kukuta mwingine kwenye nafasi yao. Na matusi. Msimamizi anayemwita mtu mzima "we msichana" mbele ya wateja anamuumiza pia, ingawa hakuna kipimo cha hospitali kitakachoonyesha.

Mdogo wangu amenikataza kulitaja duka. Anaihitaji kazi, na mimi nimemwahidi, kwa hiyo silitaji. Ila kama wewe ndiye bosi wake na umesoma mpaka hapa, kesho asubuhi kabla hujafungua, utoe ule ufunguo kwenye droo ya msimamizi, uutundike kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma. Ikifika saa saba, mruhusu akae chini, ale.