Nyongeza ya leseni kwa wanaohamahama na boti Uingereza, nani ana haki?

Ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba kuna watu London wanaishi kwenye boti anafikiria matajiri wanakula bata. Mimi nina jamaa yangu tunafanya naye kazi, boti yake huwa anaifunga huku na huku kwenye Regent's Canal, mfereji uliofunguliwa mwaka 1820, na nimelala kwake mara kadhaa. Yale maisha ni shughuli pevu. Boti ina upana wa mita 2 na kidogo tu maana malango mengi ya maji ya zamani nchini, yale ya kupandishia na kushushia boti mfereji unapobadilika kimo, yalijengwa membamba, ndani kuna jiko la makaa la kupasha joto, magunia ya makaa yako juu ya paa pamoja na baiskeli, na choo ni cha kontena, likijaa analibeba mwenyewe mpaka sehemu ya kumwagia, mvua inyeshe isinyeshe.

Sasa ishu yenyewe ni hii. Sheria ya 1995 inaruhusu boti isiyo na gati la kudumu, ili mradi iwe inasafiri kweli na isikae sehemu moja zaidi ya siku 14. Canal & River Trust, taasisi ya hisani ambayo tangu 2012 inasimamia mifereji na mito karibu kilomita 3,200 England na Wales, ikaamua kuanzia Aprili 2024 hawa wanaohamahama walipe nyongeza juu ya ada ya leseni ya boti, ikaanza asilimia 5 na mpango ni ifike 25 mwaka 2028.

Wanaoitetea wana hoja, tusiwabeze. Mifereji mingi ina miaka 200 na zaidi, na kuitunza kunakula hela vibaya sana. Mwaka 2019 bwawa linalolisha mfereji pale Whaley Bridge lilibomoka sehemu na watu kama 1,500 wakahamishwa nyumba zao, na bado serikali imeshasema ruzuku yake itapungua kuanzia 2027. Halafu mwenye gati analipia gati NA leseni, anaona huyu mwingine anapita na leseni tu. Na ukija na familia yako London kiangazi kutembea na boti, unakuta boti zimefungwa mbili mbili ubavu kwa ubavu, pa kufunga huna.

Lakini mwenye gati si anapata kitu kwa hela yake? Ana umeme, ana maji karibu, anarudi anakuta nafasi yake. Mhamaji kwa hiyo asilimia 25 anaongezewa nini, wakati bomba ni lile lile na sehemu ya kumwaga choo ni ile ile? Wengi wamekimbilia majini kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda, na baridi ikikaza boti za starehe zimefungwa zote, wanaobaki kuona kingo inavuja au mti umeziba njia ni haohao.

Kinachoniuma mimi ni kwamba anatozwa kwa namna anavyoishi. Boti pana kulipa zaidi naelewa, inachukua nafasi. Wale wanaosogea mita 200 halafu wanarudi palepale nao washughulikiwe, sina huruma nao, hao ndio wanaochafulia wenzao jina, ila najua kuwafuatilia mmoja mmoja nako ni gharama na ndiyo maana nyongeza ya jumla inaonekana rahisi. Rahisi kwa anayetoza.

Juzi Jumapili siku 14 za yule jamaa yangu ziliisha tukahamisha boti wote wawili, mimi nashuka kwenye lango nazungusha mpini maji yajae, yeye yuko kwenye usukani, mwendo wenyewe mwisho ni kama kilomita 6 kwa saa. Pembeni wakimbiaji wanapita, baiskeli zinapita, mama mmoja na mbwa wake akasimama mpaka lango likafunguka. Njia ile wote wanaitumia kila siku na hakuna anayelipa hata senti.