Hayo maharage anayoyachezea mwanangu

Jumapili iliyopita tulikuwa Bahi ukweni, kipaimara cha mtoto wa shemeji. Mwanangu ana miaka 6, ana usonji. Ugali wa uwele na mlenda ulipotengwa akaziba pua, akatoka mbio kwenda kukaa chini ya mbuyu. Wifi yangu mkubwa akasema, tena kwa sauti iliyofika hadi jikoni: “Kila wiki mnalipa hela akachezee maharage huko mjini, kumbe hata kula hajui. Mnyimeni siku mbili, atakula mwenyewe.”

Watu wakacheka. Nilinyamaza kwa heshima ya baba mkwe. Hapa sinyamazi.

Tuanze na hayo maharage. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani tiba inayomzoeza mtu shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, anajaza beseni maharage makavu, anaficha vifungo ndani, mtoto anavitafuta kwa mikono. Mwaka jana mwanangu alikuwa hagusi mchanga, unga wala sabuni ya povu, kumwogesha ilikuwa vita ya kila jioni. Vidole vilivyozoea maharage ndivyo vinavyofunga kifungo cha shati la shule leo. Ni kazi hiyo, na anatoka pale amechoka kama mtu aliyetoka kulima.

Sasa mlenda. Sisi tuliolelewa Dodoma mlenda tunaumeza bila kufikiri. Kwa mtoto ambaye ubongo wake unapokea mguso na harufu kwa nguvu kuliko wangu na wako, ule utelezi ni mateso. Na wako watoto wenye usonji ambao njaa haiwalazimishi, atashinda hajala na kesho hatakula, mpaka augue. Kumnyima ni kumuumiza, wifi. Tulichofundishwa ni hiki: wiki za kwanza bakuli linakaa tu karibu yake. Kisha anakoroga kwa kijiko. Kisha ncha ya kidole, na maji ya kunawa yapo pembeni, ananawa anapotaka. Kisha mdomoni. Tulianza Februari, na siku hizi nyumbani anachovya tonge na kula matonge matatu. Matatu! Nililia jikoni siku ile. Bahi kulikuwa na spika, watu wengi, chungu kigeni. Alirudi nyuma, na mtoto yeyote hurudi nyuma.

Kilichonivuta kwenye tiba hii ni kwamba haikuniletea maisha ya watu wengine. Siku ya kwanza yule dada mtaalamu aliniuliza: mnakula nini, mnakalia nini, maji mnayapata wapi? Nikamwambia Nkuhungu maji ni ya mgao, tunajaza madumu. Akasema basi dumu ndiyo tiba yenu. Tangu hapo kabla ya daftari mwanangu anabeba dumu la lita 5, nusu yake maji, kutoka uani hadi jikoni, mara nne. Uzito ule unaamsha misuli na viungo, navyo vinaupa ubongo habari za mwili uko wapi. Akimaliza anakaa ametulia. Jean Ayres wa Marekani, naye mtaalamu wa tiba kwa vitendo, alianza kuueleza uhusiano huu wa hisi na kujifunza miaka ya 1960 na 1970. Bibi zetu waliotupa mchi tutwange tulipokuwa watundu sijui walijua nini, ila walitutuliza.

Nakubali, usonji hauponi, na aliyewaahidi kuponya amewadanganya. Nakubali pia kwamba vifaa vingine, kama vile vizibao vizito anavyovalishwa mtoto ili atulie, ushahidi wake ni hafifu. Na gharama inaumiza, hilo sibishani na mtu. Wataalamu ni wachache mno, na wazazi wa Mpwapwa na Kondoa wanalipa nauli kabla ya kulipa tiba.

Lakini kuitwa wazembe na ndugu zetu kunatuchosha kuliko nauli. Akina baba wanaacha kumleta mtoto kwa sababu ya kicheko kama kile cha Jumapili.

Wifi, Jumamosi saa tatu asubuhi tunakwenda tena. Njoo ulale kwetu Ijumaa. Utakaa naye kwenye beseni, utaingiza mkono wako humo, na utamsubiri akitafuta kifungo chake cha kwanza. Kinaweza kumchukua dakika kumi. Usimsaidie.